Kano za Bega Zikichanika: Mwongozo wa Muda wa Operesheni kwa Wafanyakazi wa Syokimau

Mwongozo huu ni wa mtu anayekula kwa nguvu za mkono wake: fundi wa mjengo kwenye ghorofa zinazoota kila kukicha kando ya barabara ya Katani, kibarua wa kubeba saruji, konda wa matatu za Mombasa Road, mwendeshaji bodaboda anayesubiri abiria nje ya stesheni ya treni, mama anayefua na kuanika nguo za watu, mpakiaji wa mizigo huko Mlolongo. Unamhusu yeyote aliyeanguka au aliyevutwa mkono kwa nguvu, bega likauma, kisha akajikuta hawezi kuuinua mkono huo. Jambo kuu ni moja na linafaa kusemwa mapema: kano ya bega iliyochanika ghafla kwa ajali ina muda wake wa kushonwa, na muda huo huhesabiwa kwa wiki. Haimlazimu mtu kukimbizwa chumba cha upasuaji usiku wa manane. Lakini pia si jambo la kuahirisha hadi mjengo uishe au Krismasi ipite.

Kinachochanika

Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kikombe cha fupa la bega, na kikombe chenyewe ni kidogo na hakina kina. Kinachokizuia kichwa hicho kisiponyoke ni misuli minne inayotoka kwenye fupa la bega na kuishia kwa kano bapa, ambazo zimeungana na kukizunguka mbele, juu na nyuma. Kano ya juu ndiyo inayochanika mara nyingi zaidi. Hiyo ndiyo inayosaidia kwanza mkono unapoanza kuinuka. Ya mbele huugeuza mkono kuelekea tumboni, na zile mbili za nyuma huugeuza kuelekea nje.

Ajali zinazozichana ni za kila siku. Fundi anateleza kwenye ngazi na kujikinga kwa mkono ulionyooka. Konda ameshika chuma cha mlango, dereva anafunga breki, mwili unaenda mbele na mkono unabaki nyuma. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unamponyoka mbebaji naye anajaribu kuudaka kabla haujafika chini. Bodaboda inaseleleka na mtu anaangukia bega. Aliyevuka miaka 40 ana sababu moja zaidi ya kuwa mwangalifu: bega lake likitenguka, hata likirudishwa vizuri hospitalini, kuna uwezekano mkubwa kwamba kano imechanika pia. Kijana wa miaka 20 akitenguka bega, tatizo lake kwa kawaida huwa jingine.

Kuna mpasuko wa aina nyingine, wa kuchakaa, unaokuja polepole miaka inavyosonga. Watu wengi waliopita miaka 60 wanao na hawajui, kwa kuwa hauwaumi. Huo haubanwi na wakati kama ule wa ajali, na mwongozo huu utaurudia kwa ufupi tu.

Kwa nini wiki zinahesabiwa

Kano iliyokatika haibaki mahali pake. Msuli huivuta kuelekea ndani, kama kamba ya mpira iliyokatwa, na kila wiki inayopita ncha yake huzidi kuwa mbali na mfupa ilikotoka. Msuli usio na kazi hukonda. Baadaye mafuta huingia kati ya nyuzi zake na kuchukua nafasi ya nyama. Mwaka 1994 daktari Mfaransa, Goutallier, aliyapanga mabadiliko hayo ya mafuta katika ngazi ambazo madaktari wa mabega duniani kote wanazitumia hadi leo. Ubaya wake ni kwamba mafuta yakishaingia, hayatoki, hata kano ikishonwa vizuri kiasi gani. Daktari anayefungua bega baada ya mwaka mmoja hukuta kano fupi, ngumu, isiyofika mfupani, imeunganika na msuli uliokwisha nguvu.

Swali la ni lini hasa kushona limechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1983 Bassett na Cofield wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 37 waliochanika kano ghafla. Waliofanyiwa operesheni ndani ya wiki tatu tangu ajali ndio waliopata mwinuko mzuri zaidi wa mkono. Tafiti zilizofuata zililegeza kidogo msimamo huo: walioshonwa ndani ya miezi mitatu hadi minne waliendelea karibu sawa na waliowahi mapema zaidi. Kwa hiyo kipimo cha kukaa nacho akilini ni hiki: wiki tatu za kwanza ni za kujua kama kano imechanika, wiki chache zinazofuata ni za kuishona ikiwa inahitaji kushonwa, na mwezi wa nne usikukute bado unajadiliana. Anayeambiwa "rudi baada ya miezi sita tuone" baada ya kuanguka, huku mkono hauinuki, ana haki ya kutafuta daktari mwingine.

Wiki zinakopotelea

Mara nyingi muda huu haupotei kwenye foleni ya chumba cha upasuaji. Unapotea kabla mgonjwa hajaonana na daktari wa mifupa hata mara moja, na kuna sehemu tatu zinazoula.

Ya kwanza ni duka la dawa. Dawa ya maumivu, ya kumeza au ya sindano, hutuliza bega hadi mtu akadhani amepona. Maumivu ya kano iliyochanika hupungua yenyewe baada ya wiki mbili tatu. Kinachobaki ni udhaifu. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kipimo si kama bega bado linauma. Kipimo ni kama mkono unapanda.

Ya pili ni eksirei. Eksirei ni lazima, tena siku ile ile au kesho yake, kwa sababu inaonyesha mfupa uliovunjika na bega lililotenguka. Lakini kano haionekani kwenye eksirei. Mgonjwa anapoambiwa picha ni safi, anachoambiwa ni kwamba mifupa yake ni mizima, basi. Anatoka na paketi ya vidonge na kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni, anarudi nyumbani na moyo umetulia, na saa inaendelea kuhesabu. Sidhani kuna kosa moja linalowagharimu watu mabega kuliko hili, na si kosa la mgonjwa peke yake. Afisa wa kliniki anayemkabidhi mtu eksirei safi anapaswa pia kumpa tarehe ya kurudi, isiyozidi wiki mbili.

Ya tatu ni kukandwa. Kwa misuli iliyochoka si vibaya. Kwa bega lililoumia jana, kabla ya eksirei, kunaweza kusogeza mfupa uliovunjika au kuumiza neva ya bega lililotenguka. Wala hakuna mkono wa mkandaji unaoweza kuirudisha kano kwenye mfupa. Sindano za kuyeyusha uvimbe ndani ya bega, zile za steroidi, nazo zinahitaji tahadhari: zikirudiwarudiwa hudhoofisha kano, na zikidungwa katika mwezi unaotangulia operesheni huongeza hatari ya kidonda kuingia vijidudu. Usikubali sindano ya namna hiyo kwenye bega lililoumia kwa ajali kabla kano haijapimwa.

Kuna dalili ambazo hazingoji hata siku ya pili: umbo la bega kubadilika, ganzi upande wa nje wa bega au mkononi, kiganja kuwa baridi au kupauka, jeraha lililo wazi. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja.

Jaribio la wiki ya pili

Eksirei ikishathibitisha kwamba hakuna mfupa uliovunjika wala bega lililotenguka, mtu anaweza kujipima nyumbani kati ya siku ya 7 na ya 14, maumivu makali yakiwa yamepungua. Simama wima. Inua mkono mzima kwanza, kando ya mwili, hadi usawa wa bega. Kisha jaribu ule ulioumia, na mwenzako atazame. Mwenye kano iliyochanika huinua bega zima kuelekea sikioni ilhali mkono wenyewe haufiki popote. Sasa mwenzako auinue mkono huo taratibu kwa niaba yako, wewe ukiwa umeulegeza. Ukipanda vizuri, kisha akiuachia polepole huku amekinga chini yake ukaporomoka, hiyo ni dalili nzito: kiungo kiko huru, lakini kinachopaswa kuushikilia mkono hakifanyi kazi. Ukikataa kupanda hata ukisaidiwa, huenda bega limekakamaa, nalo lina matibabu mengine.

Jaribu pia hivi: kunja viwiko, vibane mbavuni, halafu sukuma mikono yote miwili kuelekea nje dhidi ya viganja vya mwenzako. Tofauti kubwa ya nguvu kati ya pande mbili huelekeza kwenye kano za nyuma. Mwisho, weka kiganja tumboni na ubonyeze kwa nguvu huku kiwiko kikiwa mbele ya mwili. Kiwiko kikirudi nyuma bila wewe kutaka, kano ya mbele ndiyo ya kutiliwa shaka.

Majaribio haya hayatoi hukumu ya mwisho. Yanakusaidia kufika kliniki ukiwa na maneno yatakayomfanya mhudumu asimame na kusikiliza: tarehe niliyoanguka ni hii, kabla ya siku hiyo bega lilikuwa zima, tangu siku hiyo siwezi kuinua mkono. Sema mambo hayo matatu kwa mpangilio huo na uombe yaandikwe kwenye faili. Tarehe ya ajali isipoandikwa, bega lako litachukuliwa kuwa la kuchakaa, na utapangwa kwenye foleni ya wasio na haraka.

Kisha omba kipimo cha kano chenyewe. Ultrasaundi ya bega ni rahisi zaidi kwa bei na inatosha ikifanywa na mtu aliyezoea mabega. MRI inaonyesha zaidi: mpasuko una ukubwa gani, ncha ya kano imevutwa umbali gani, na kama msuli umeanza kuingia mafuta. Machakos Level 5 ndiyo hospitali ya rufaa ya kaunti, lakini mkazi wa Syokimau yuko karibu zaidi na Nairobi kuliko na mji wa Machakos, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta haiko mbali. Hospitali ya PCEA Kikuyu nayo inajulikana kwa kitengo chake cha mifupa. Popote utakapokwenda, uliza kama yupo daktari wa mifupa anayeshona kano za bega mara kwa mara, kwani si kila daktari wa mifupa anafanya kazi hiyo.

Si kila mpasuko unashonwa

Haraka inayotakiwa ni ya kupima na kuamua. Kisu ni mojawapo ya maamuzi tu. Anayestahili kushonwa mapema ni yule aliyekuwa mzima kabla ya ajali, akapoteza nguvu ghafla, kipimo kikaonyesha kano imekatika unene wote, hasa zikiwa kano mbili au zaidi au ya mbele ikiwemo, na bado anahitaji mkono huo kwa kazi. Umri peke yake haumwondoi mtu. Fundi wa miaka 62 anayepanda jukwaani kila siku ana haja zaidi na bega lake kuliko karani wa miaka 40.

Mpasuko wa nusu ya unene, au mdogo wa kano moja huku mkono ukiwa bado unapanda, unaweza kuanzwa kwa mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu. Nchini Sweden watafiti waliwagawa wagonjwa wenye mipasuko midogo ya ajali, wengine wakashonwa na wengine wakafanya mazoezi; baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Hata hivyo, kwa baadhi ya wasioshonwa mpasuko ulikuwa umeongezeka, kwa hiyo anayechagua njia hii asipotee kliniki. Na wale wenye mpasuko wa kuchakaa, usiotokana na ajali, wana habari njema: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia watu 452, uliona kwamba takriban robo tatu yao hawakuhitaji operesheni katika miaka miwili, kwa mazoezi peke yake. Tatizo ni mtu aliyeanguka kupewa ushauri wa mtu aliyechakaa.

Aliyekwisha kuchelewa, miezi sita au mwaka, asikae nyumbani kwa kudhani mambo yamekwisha. Kano zake zipimwe, maana nyingine bado zinafika mfupani, na zisipofika kuna njia za kuhamisha kano nyingine au, kwa wazee, kubadilisha kiungo. Ni njia nzito na ghali zaidi, na matokeo yake si yale ya mapema.

Baada ya kushonwa

Daktari huirudisha kano mfupani kwa nyuzi zilizofungwa kwenye nanga ndogo, ama kwa matundu madogo na kamera, ama kwa mkato mfupi wa wazi. Njia zote mbili zinafaa. Mkono wa daktari na wakati aliokupata ni muhimu kuliko urefu wa kovu. Hatari zipo: kidonda kuingia vijidudu, bega kukakamaa, neva kuumia, kano kuchanika tena. Kuchanika tena huwapata zaidi wenye mpasuko mkubwa, wenye umri mkubwa, wavuta sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa. Hivi viwili vya mwisho viko mikononi mwa mgonjwa, na vianze kushughulikiwa tangu siku ya kipimo.

Hapa ndipo mfanyakazi anapaswa kupiga hesabu kwa uangalifu. Mkono hukaa kwenye kitambaa kwa takriban wiki sita. Katika kipindi hicho vidole, kifundo na kiwiko hufanyishwa kazi, na bega husogezwa na mtaalamu wa mazoezi kadiri daktari anavyoruhusu. Kulala huwa kwa kuegemea mito kwa muda. Mazoezi ya nguvu huanza karibu na mwezi wa tatu. Kazi ya mezani inaweza kurudiwa baada ya wiki chache. Kuendesha bodaboda ni baada ya miezi mitatu au minne. Kubeba saruji, kupiga plasta juu ya kichwa na kupakia mizigo ni miezi minne hadi sita, au zaidi. Anayerudi mjengoni mwezi wa pili kwa sababu bega haliumi anaikata kano ambayo bado haijashikana na mfupa. Familia ijue hivyo kabla ya siku ya operesheni, na mipango ya kodi na karo ipangwe kwa nusu mwaka.

Gharama na haki

Ukiumia ukiwa kazini, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi wanaiita WIBA, inambebesha mwajiri gharama zinazostahili za matibabu, upasuaji na usafiri. Inamtaka awe na bima kwa ajili hiyo. Mjulishe mwajiri siku ile ile, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu kwa msimamizi, na uhifadhi nakala. Mwajiri ana siku saba tangu kujulishwa kuripoti ajali kwa idara ya usalama na afya kazini, DOSHS. Asipofanya hivyo, nenda mwenyewe katika ofisi ya idara hiyo. Madai ya fidia yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Jeraha likikuweka nje ya kazi kwa siku tatu au zaidi, unastahili malipo ya mara kwa mara yanayolingana na mapato yako hadi miezi 12. Kibarua asidhani ameachwa nje kwa kuwa hakutia saini popote: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatambua mkataba wa mdomo pia. Hifadhi kila risiti. Lakini usisimamishe matibabu ukingoja fidia. Mwaka wa kudai unakutosha, kano haina mwaka.

Mwenye bodaboda anayejifanyia kazi hana mwajiri wa kumdai. Yeye, na abiria wake, waripoti ajali kituo cha polisi wapate nambari ya kitabu cha matukio (OB), kisha abstrakti ya polisi, maana bila hiyo bima ya gari lililomgonga haiguswi.

Kwa wengine wote tegemeo ni bima ya afya ya umma chini ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Anayelipwa mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Aliye katika jua kali hulipa wa mwaka mzima baada ya kukadiriwa mapato yake. Hakiki kama umesajiliwa na mchango wako uko hai kwa *147# leo, ukiwa mzima, kwa sababu kulisuluhisha hilo baada ya kuanguka hula siku zile zile unazozihitaji. Ukipewa tarehe ya operesheni, uliza hospitali papo hapo ni idhini gani inayotakiwa na ni kiasi gani utajazia mwenyewe.

Likizo ya ugonjwa kwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ni angalau siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka. Hazitoshi kuponyesha bega, ila zinatosha kabisa kulipima. Kwa hiyo neno la mwisho ni kwa wasimamizi wa mijengo, wenye matatu na wakuu wa maghala: mtu wako akianguka na wiki ya pili ikamkuta hawezi kuinua mkono, mpe ruhusa aende kupimwa wiki hiyo hiyo, na usimkate siku.